Simu yako si ya umbea tu!

Msomaji wangu kijana, hebu nikuulize: leo umepiga picha ngapi kwa simu yako? Na ngapi kati ya hizo si za sura yako? Usinune, nakutania tu.

Wiki hii nina jambo linaloitwa sayansi ya wananchi. Maana yake watu wa kawaida, kama mimi na wewe, wanawakusanyia watafiti taarifa. Wengi wakisikia neno sayansi wanatoka nduki. Eti mpaka uwe na digrii! Wapi!

Angalia Serengeti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitega kamera 225 porini, picha zikawashinda kwa wingi. Desemba 2012 wakazimwaga kwenye intaneti ili yeyote aseme kaona mnyama gani. Mgeni hakupewa mtihani. Aliongozwa na vitu vya macho tu: ana pembe? Ana milia? Picha moja ilitazamwa na watu wengi, majibu yakalinganishwa. Walijitokeza zaidi ya watu 28,000, na majibu yao yalikubaliana na ya mabingwa kwa asilimia 97 hivi. Si mchezo!

Sasa twende Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja, mkabala na kisiwa cha Mnemba. Maji ya bamvua yakitoka, mwamba unabaki wazi na kina mama wanashuka kuchokoa pweza. Nilimwonyesha mama mmoja iNaturalist, programu ya kutambua viumbe iliyoanzia California mwaka 2008. Akaniuliza: "Mwanangu, si Kizungu hicho? Na nikituma picha, si watu wote watalijua shimo langu la pweza?"

Hapo ndipo penye kazi. Mgeni hashindwi na sayansi, anakwamishwa na lugha na wasiwasi. Tena wasiwasi wake una haki, maana shimo lile ndilo kitoweo cha nyumbani.

Nikamweleza hivi. Vinavyotakiwa ni vitatu: picha, mahali na tarehe. Jina si lazima ulijue. Programu itapendekeza, wajuzi watasahihisha, na la Kiswahili unaweza kuliongeza mwenyewe. Mtandao ukikosekana, piga picha, utatuma baadaye. Kuhusu shimo, kabla ya kutuma chagua kuficha mahali. Watu wataona eneo la kama kilomita 20 kila upande. Atakayelipata shimo humo, basi ana bahati yake!

"Hapo sawa," akasema, akacheka.

Kwa hiyo wewe uliyesoma Kizungu, kazi unayo. Ukienda shamba, mfuate shangazi pwani. Yeye aonyeshe na kutaja majina, wewe ushike simu. Usikanyage matumbawe, wala usimtoe kiumbe majini kwa ajili ya picha.

Ukishamaliza, haya, jipige na wewe moja. Tuonane wiki ijayo!