Twapenda michezo, au twapenda kuitazama?

Jumamosi moja si ya zamani nilikuwa kwa kinyozi nikingoja zamu yangu, ukazuka ule mjadala ambao wanaume wa mtaa wetu hawauchoki: ni mchezo upi ulio bora kuliko yote? Kijana mmoja aliyevaa fulana ya Arsenal alishikilia kuwa hakuna mchezo ila kandanda, na mingine yote ni ya kupitishia wakati. Mwenzake alitetea raga ya wachezaji saba kila upande, akatukumbusha jinsi vijana wetu walivyoinyuka Fiji 30-7 mwaka 2016 na kutwaa ubingwa kule Singapore. Mzee mmoja, shuka imemfunga shingoni na nusu ya kichwa imekwisha kunyolewa, akasema kwamba Mkenya asiyeitaja riadha kwanza ni mtovu wa shukrani.

Niliwasikiliza kwa muda, kisha nikauliza ni nani kati yao aliyecheza chochote mwezi huo. Kijana mmoja aliyekuwa mlangoni akajibu kwa haraka kuwa yeye amecheza asubuhi hiyo hiyo, timu sita. Ilibidi nielezwe kwamba maana yake ni kamari ya simu. Yule wa Arsenal alicheka, kisha akanigeukia.

"Mwalimu," akasema, maana mtaani wananiita hivyo kwa kuwa niliwahi kushika chaki, "wewe niambie, nitachezea wapi?"

Jibu lile limenikaa moyoni na nitalirejelea. Lakini kwanza, mpenzi msomaji, hebu tulitazame swali lenyewe la kwa kinyozi, kwani naona twachanganya mambo mawili. Tukiulizwa tunapenda mchezo gani, aghalabu twautaja ule tunaoutazama. Ule tunaoucheza, au tuliowahi kuucheza, hatuuhesabu.

Kwa upande wa kutazama, nakiri kuwa mimi pia ni mtumwa wa kandanda. Nililelewa na redio. Marehemu baba yangu alikuwa akiiweka juu ya kiti nje ya nyumba, nasi tukaizunguka huku sauti ya Leonard Mambo Mbotela, aliyetuacha Februari 2025, ikituonyesha uwanja ambao hatujapata kuukanyaga. Mwaka 1987 tulilia na kucheka karibu kwa pamoja. Harambee Stars ilifika fainali ya Michezo ya Afrika pale Kasarani ikafungwa na Misri 1-0. Kisha, kabla mwaka haujaisha, Gor Mahia wakatoka sare na Espérance ya Tunisia, 2-2 ugenini na 1-1 Nairobi, wakatwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa hesabu ya magoli ya ugenini. Hata majirani zetu waliokuwa AFC Leopards kindakindaki walitoka nje kushangilia.

Utamu wa kandanda, kwa mtazamaji, ni kwamba dakika 90 zaweza kupita kwa goli moja tu, na goli hilo laweza kufungwa na mnyonge. Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, Harambee Stars ilibaki na wachezaji kumi dhidi ya Morocco na bado ikashinda 1-0. Morocco hao hao ndio waliokuja kutwaa kombe. Katika mbio za mita 10,000 mnyonge hapati bahati ya namna hiyo.

Kuucheza mpira wenyewe, hata hivyo, sikufaa kitu. Shuleni nilikuwa nikichaguliwa wa mwisho, na mara nyingi nikawekwa golini ili nisiwasumbue wenzangu. Mchezo ulionipokea ulikuwa voliboli. Tulifunga kamba ya katani kati ya miti miwili ya mkaratusi, tukachora mistari kwa jivu, na huo ukawa uwanja. Wakati huo timu ilipata alama pale tu ilipokuwa inaanzisha mpira, na seti ilikwisha kwa alama 15. Basi seti moja iliweza kuvutana mpaka giza likaingia. Siku hizi kila mpira unaoanguka una alama, na seti ni 25.

Nililolipenda ni kwamba katika voliboli huwezi kuukumbatia mpira peke yako. Unaugusa mara moja, kisha ni lazima umwachie mwenzako, na timu nzima ina miguso mitatu tu kabla ya kuurudisha ng'ambo ya wavu. Mtoto mwembamba asiye na kasi, kama nilivyokuwa, ana kazi yake pale: kumwandalia mwenzake mpira mzuri wa kuupiga. Isitoshe, uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9. Katika kiwanja kimoja cha kandanda cha mita 100 kwa 64 vingeenea karibu viwanja 40 vya voliboli. Ajabu ni kwamba mchezo huu niliucheza miaka mingi pasipo kuutazama. Malkia Strikers walikwenda Olimpiki Sydney mwaka 2000, Athens 2004, Tokyo katika michezo iliyofanyika 2021, na Paris 2024, ilhali Harambee Stars haijapata kufuzu kwa Kombe la Dunia hata mara moja. Nani kati yetu pale kwa kinyozi angeweza kuwataja wachezaji watatu wa Malkia Strikers? Mimi nilimjua mmoja.

Na riadha, je? Mzee yule alikuwa na haki ya kulalamika. Tangu Naftali Temu atuletee dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968 katika mita 10,000, na Kipchoge Keino yake ya mita 1,500 katika michezo hiyo hiyo, hakuna mchezo uliotupa heshima kama huo. Lakini hata lugha yetu yautenga. Twacheza mpira, twacheza bao, twacheza karata. Hakuna asemaye amecheza riadha. Mbio twazipiga, kana kwamba ni kazi ya watu maalumu waliozaliwa nyanda za juu, nasi wengine kazi yetu ni kungoja wimbo wa taifa upigwe.

Marathoni nilikuwa naiona ni kitu cha kuchosha macho: saa mbili za watu kurusha miguu kwa namna moja. Kisha nikafanya hesabu. Marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, alikuwa anakimalizia kila kilomita kwa dakika 2 na sekunde 51 na ushei. Ukiipima kasi hiyo kwa uwanja wa mita 400, ni mzunguko mmoja kwa chini ya sekunde 69, na ni lazima uurudie zaidi ya mara 105. Nilikwenda uwanjani alfajiri moja, nikamwomba mpwa wangu ashike saa. Mzunguko wangu mmoja ulinichukua sekunde 103, nikajitupa majanini nikitafuta pumzi huku mpwa wangu akiniuliza, "Mjomba, nikamwite mtu?" Tangu siku hiyo sijapata kuziona mbio ndefu kuwa za kuchosha. Namwangalia mkimbiaji aliyefika kilomita ya 35, uso umetulia, na mbavu zangu ndizo zinazouma.

Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa jibu la kijana wa Arsenal. Anauangalia mpira kila Jumamosi na anajua bei ya kila mchezaji London, lakini hajui mguu unasema nini unapokosea pasi, maana hajapewa mahali pa kuikosea. Nilikopitia shule ya msingi nimerejea mara moja. Miti miwili ya mkaratusi imekatwa, nusu ya uwanja imezungushiwa ukuta, na nyuma ya ukuta mna nyumba za kupangisha. Watoto wa pale hupata mchezo wao katika kibanda cha video, kwa kulipia mlangoni. Wasichana hata hicho kibanda hawaingii.

Nikamrudia kijana yule juma lililofuata. Tukapima sehemu ya kuegesha magari nyuma ya nyumba zetu kwa hatua zangu: mita 20 kwa 11, ukiiondoa gari moja bovu ambalo mwenyewe hajulikani. Kinyozi ametoa kamba. Mabinti wawili wa ghorofa ya pili wamekwisha kuuliza kama wanaruhusiwa, nikawaambia ndio wa kwanza kuandikishwa. Kijana wa Arsenal ameniomba tuanze saa tisa, ili saa kumi na moja awahi mechi yake ya Uingereza. Nimemkubalia, kwa kuwa nami nataka kuitazama.