Kinga ya Mwili (Sehemu ya Tatu): Interferoni Gama Ndani ya Kichupa

Wiki iliyopita tuliishia pale seli za kinga zinapopashana habari kwa protini ndogondogo. Leo tuichukue moja tu, interferoni gama, tuone inavyotengenezwa nje ya mwili na kwa nini watafiti wanaitegemea kiasi hiki.

Mwilini hutolewa hasa na seli T. Kazi yake kubwa ni kuyaamsha makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu. Bakteria wa kifua kikuu ni mjanja: akishamezwa hafi, hugeuza makrofaji kuwa makazi yake. Interferoni gama ikifika, makrofaji hupata nguvu ya kupambana naye. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na kasoro kwenye kipokezi cha protini hii, na hao wanaweza kuugua vibaya hata kutokana na chanjo ya BCG, ambayo kwa wengine haina madhara hayo.

Protini hii ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1965. Kwa muda mrefu iliyopatikana ilitoka kwenye seli nyeupe za damu, tena kidogo mno na ikiwa imechanganyika na protini nyingine. Mtafiti akiona badiliko kwenye seli zake, hakuweza kuapa kwamba limeletwa na interferoni. Mwaka 1982 wanasayansi wa kampuni ya Genentech, Marekani, walitangaza kuwa wameipata jeni yake na kuipandikiza kwenye bakteria aina ya E. koli. Bakteria huyo, akipata chakula na joto linalomfaa, huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi, na kila mmoja huitengeneza protini ya binadamu. Ya mwilini huwa na sukari zilizoshikamana nayo. Ya bakteria haina, lakini hufanya kazi vizuri.

Hufika maabara ikiwa imekaushwa. Ukikiinua kichupa kwenye mwanga, pengine utaona utando mwembamba tu chini, au usione kitu kabisa. Mtaalamu hukizungusha kwanza kwenye sentrifuji ili chochote kilichonasa kwenye kifuniko kishuke, kisha huongeza maji safi taratibu bila kutikisa kwa nguvu. Mara nyingi huongeza albumini, kwa sababu protini ikiwa kidogo sana hunata kwenye kuta za plastiki na kupotea. Halafu huigawa kwenye vichupa vidogo na kuvigandisha, kila kimoja kitumike mara moja. Kuyeyusha na kugandisha tena na tena huiharibu, na umeme ukikatika usiku kucha kazi yote inaweza kupotea.

Hatari ninayoiona kubwa zaidi imejificha kwa huyohuyo bakteria aliyeitengeneza. Ganda lake lina endotoksini, na chembe chache tu za sumu hiyo zinatosha kuyaamsha makrofaji. Protini isiposafishwa sawasawa, mtafiti ataisifu interferoni kwa kazi iliyofanywa na uchafu. Ndiyo maana kabla hujaamini matokeo, uliza kiwango cha endotoksini kilikuwa kiasi gani. Kipimo kinachotumika sana kuipima hutengenezwa kwa damu ya buluu ya kaa kwato wa pwani ya Marekani, ambayo huganda inapokutana nayo.

Kwenye upimaji wa kifua kikuu, protini hii ya kutengenezwa ndiyo jiwe la mizani. Damu ya mtu huchanganywa na protini mbili za bakteria wa kifua kikuu, ESAT-6 na CFP-10, ikaachwa kwenye nyuzi joto 37 kwa saa 16 hadi 24. Seli T zilizowahi kukutana na bakteria huyo humwaga interferoni gama. Kiasi chake hujulikana kwa kulinganishwa na viwango vya interferoni ya kutengenezwa vilivyopimwa kabla. Vikikosewa, majibu ya kila mgonjwa yanakosewa. Bakteria wa BCG hana protini hizo mbili, hivyo kipimo hakichanganywi na chanjo kama kile cha ngozi. Kwetu, ambako watoto huchanjwa BCG wanapozaliwa, hilo ni jambo kubwa.

Hata hivyo, kipimo hiki hakiwezi kumtofautisha aliyebeba bakteria waliolala na anayeugua sasa. Kwa nini damu ileile inashindwa kutenganisha hali hizo mbili, tutaanza na hilo wiki ijayo.