MCHAMBUZI WA MIPANGO NA MADARAKA YA WATU

Kila mwaka hufika katika madarasa yetu ya siasa vijana walioajiriwa, au wanaotarajia kuajiriwa, kuwa Maafisa Mipango na wachambuzi wa programu za maendeleo katika halmashauri, mikoa na wizara. Tukiwauliza kazi yao ni nini, wengi hujibu: kukusanya takwimu, kujaza fomu na kuandika taarifa ya robo mwaka. Jibu hilo si la uongo. Lakini tukiwauliza swali la pili, yaani takwimu hizo zinamsaidia nani kuamua jambo gani, darasa hunyamaza.

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo la pili. Tunalileta mbele ya makada na wanafunzi kwa sababu uchambuzi wa mipango si jambo la kitaalamu peke yake. Ni jambo la siasa, maana linahusu madaraka: nani anaamua, kwa kutumia habari zipi, na nani anaachwa nje ya maamuzi.

1. KUPANGA NI KUCHAGUA

Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipoueleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mbele ya Mkutano Mkuu wa TANU, alisisitiza jambo ambalo tangu hapo limekuwa kama methali kwetu: kupanga ni kuchagua. Maana yake ni nyepesi kuielewa na ngumu kuitekeleza. Mahitaji ya watu ni mengi na fedha ni chache. Ukiamua kujenga zahanati mwaka huu, umeamua pia kwamba barabara ya kijiji cha jirani itasubiri. Kila mstari katika kitabu cha bajeti ni mtu fulani aliyepewa na mtu fulani aliyeambiwa angoje.

Basi mchambuzi hafanyi uchaguzi huo kwa niaba ya watu. Kazi yake ni kuuweka wazi ili wanaostahili kuchagua wachague kwa kujua. Anapaswa kuonyesha tunacho nini, tunakosa nini, njia hii itagharimu kiasi gani, njia ile itamfaidi nani. Mchambuzi anayeficha gharama ya jambo moja ili lipite, hata kama jambo lenyewe ni zuri, amewanyang'anya watu haki yao ya kuchagua.

2. TUMETOKA WAPI

Historia yetu ya kupanga ina mafunzo makubwa, na mengi tumeyapata kwa makosa.

Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano ulianza Julai 1964. Ulitegemea sana mikopo na misaada ya nchi za nje. Desemba 1965 tulivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya suala la Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mpango ambao fedha zake ziko mikononi mwa mwingine unaweza kusimamishwa na huyo mwingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitoa jibu la kisiasa: fedha si msingi wa maendeleo. Msingi ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukaenda mbele zaidi. Ulifundisha kwamba kwa watu waliotawaliwa na kunyonywa, tendo linalowaongezea uwezo wa kuamua mambo yao ni tendo la maendeleo. Huo ni kipimo kigumu kwa mchambuzi, maana daraja likishakamilika huonekana kwa macho, lakini uwezo wa kuamua haupimwi kwa futi kamba.

Mwaka 1972 yakaja Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa njema: kuyatoa maamuzi Dar es Salaam na kuyapeleka karibu na wananchi. Lakini tujikosoe bila haya. Ushauri wa muundo ule ulitolewa na kampuni ya Marekani, McKinsey. Halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na watu zilifutwa. Wakurugenzi wa Maendeleo na Maafisa Mipango wakapelekwa mikoani na wilayani, lakini walikuwa wakijibu kwa walioko juu yao, si kwa watu waliowazunguka. Madaraka yalitoka makao makuu, ni kweli, lakini mengi yaliishia mezani kwa mtaalamu.

Matokeo yake yalionekana waziwazi wakati wa Operesheni Vijiji. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Katika sehemu kadhaa kazi ya kupanga ikawa kazi ya ramani: nyumba zilipangwa kwa mstari kando ya barabara, mbali na mashamba na mbali na maji, na palipokuwa na kusita, nguvu ilitumika. Katika ramani kijiji kilipendeza, lakini aliyejua mahali maji yanapopatikana wakati wa kiangazi hakuulizwa.

Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alisema kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Wakati huo sheria za mwaka 1982 zilikuwa zimekwisha kuzirudisha serikali za mitaa, na Ibara za 145 na 146 za Katiba zinasema kuwa madhumuni ya vyombo hivyo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Funzo la kipindi chote hicho ni hili: kumsogeza mtaalamu karibu na watu hakutoshi. Lazima mtaalamu awajibike kwao.

3. NJIA YA MPANGO

Kwa sheria iliyopo, mpango unaanzia chini. Kitongoji hujadili mahitaji yake. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, huyaweka pamoja. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na ambao unapaswa kukutana kila miezi mitatu, huyajadili na kuyapitisha. Kisha mpango huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu kwenye halmashauri ya wilaya ambako Baraza la Madiwani huupitisha. Baada ya hapo hupita mkoani, TAMISEMI na Hazina, hadi Bungeni, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikusudiwa kuwasaidia wanavijiji waanze na kile walicho nacho kabla ya kuorodhesha wanachokosa.

Lakini wakati mpango unapanda, kitu kingine kinashuka: ukomo wa bajeti, pamoja na vipaumbele vya kitaifa. Viwili hivi hukutana mezani kwa mchambuzi. Vijiji vya wilaya vimeleta maombi mia kadhaa, na fedha zinatosha makumi machache. Hapo maombi hukatwa, na huo ndio wakati wa siasa katika kazi ya mchambuzi, hata kama ofisini unaitwa wakati wa hesabu.

Tunawaambia wanafunzi wetu: hakuna dhambi katika kukata. Fedha zisipotosha ni lazima tukate. Kosa ni kukata kimya. Kijiji kilichoomba kisima kikapata choo cha shule kinastahili kuelezwa kwa nini, na nani aliamua, na lini ombi lake litaangaliwa tena. Wanavijiji wakiorodhesha mahitaji mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu bila kupewa jibu, mwaka wa nne hawaji mkutanoni. Nasi tunaandika katika taarifa kwamba mwamko wa wananchi ni mdogo!

4. MFANO WA MAJI

Tuchukue mfano tunaoutumia darasani. Mwaka 1971 nchi yetu ilianza programu ya miaka ishirini ya maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo hilo halikufikiwa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilibaki na kipimo cha mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea maji kikahesabiwa kuhudumia watu 250.

Sasa tufikirie kijiji chenye watu 3,000. Kwa kipimo cha watu 250, kinahitaji vituo 12. Daftari linaonyesha vituo 12 vimejengwa. Karani anaandika: asilimia 100.

Mchambuzi anafunga safari. Anakuta vituo 3 vimekufa: kimoja kimevunjika mpini, viwili vimekauka. Vinavyotoa maji ni 9, navyo vinatosha watu 2,250. Anaandika: asilimia 75.

Lakini mchambuzi anayejua wajibu wake haishii hapo. Anauliza vituo hivyo 9 viko wapi. Anakuta 6 viko katika kitongoji cha katikati, karibu na barabara na ofisi, chenye watu 900. Vitatu tu vimebaki kwa watu 2,100 wa vitongoji vya pembeni, na vitatu hivyo vinatosha watu 750. Kwa hiyo wanaohudumiwa kwa kipimo ni 900 na 750, yaani watu 1,650. Hiyo ni asilimia 55.

Kijiji ni kilekile na kipimo ni kilekile, lakini tumepata majibu matatu: 100, 75 na 55. Jibu la kwanza linahesabu vitu, la pili linahesabu vitu vinavyofanya kazi, na la tatu linahesabu watu. Tofauti ya 100 na 55 ni watu 1,350, na wengi wanaobeba mzigo huo kichwani ni wanawake na watoto wa kike. Tena, mkutano wa kijiji ukiitwa asubuhi, hao ndio walioko kisimani. Kwa hiyo sauti yao haimo katika takwimu wala katika mkutano.

Mfano huu unafundisha pia hadhari juu ya wastani. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka nchi yetu katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Ni hatua ya kweli, na hatuna haja ya kuibeza. Lakini pato la wastani halisemi chochote juu ya mgawanyo. Mmoja akila kuku wawili na mwenzake akilala njaa, wastani wao ni kuku mmoja mmoja, na mwenye njaa hawezi kuushiba wastani.

5. UJASIRI WA KUANDIKA 55

Mwanafunzi wetu mmoja aliyekuwa Afisa Mipango alitusimulia lililompata. Aliandika katika taarifa yake tarakimu ya chini kuliko ile iliyokwisha kutangazwa. Mkuu wake alimwita na kumwambia: "Kijana, unataka kutuharibia?" Taarifa ilirudishwa kwake isahihishwe. Hakuambiwa aseme uongo. Aliambiwa atumie takwimu za daftari.

Darasa liligawanyika. Wako waliosema ahesabu vituo vya daftari, alinde ajira yake na watoto wake. Wako waliosema agome. Sisi tulisema kwamba hofu yake ilikuwa halali, na kwamba kada asimcheke mtu mwenye hofu. Lakini tulimwonyesha pia njia aliyokuwa nayo. Andika tarakimu zote tatu, kila moja na maelezo yake, uweke sahihi yako. Peleka hesabu ile kwenye Halmashauri ya Kijiji ili isomwe katika Mkutano Mkuu, maana hesabu ya visima ni mali ya wenye visima. Ukweli ulioko kwa mtu mmoja ni rahisi kuufuta kwa kalamu, lakini ukijulikana na watu mia tatu walioketi chini ya mwembe haufutiki upesi.

Na kwa viongozi tuna neno pia. Anayeadhibu tarakimu mbaya hujipatia tarakimu nzuri, lakini visima havitengenezeki kwa hilo. Ataendelea kupokea asilimia 100 mpaka siku ya uchaguzi, ambapo watu wa vitongoji vya pembeni watampa hesabu yao wenyewe.

6. WAJIBU WETU

Julai 2025 Taifa lilizindua Dira ya Maendeleo ya 2050. Mipango ya miaka mitano, bajeti za kila mwaka na programu nyingi zitatungwa chini yake. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kazi ya wachambuzi itakuwa kubwa, na mashine za kuchakata takwimu zitakuwa nyingi na za kasi. Lakini mashine iliyolishwa 100 itatoa 100, kwa kasi na kwa rangi nzuri.

Kwa hiyo mchambuzi ajiulize maswali matatu kila anapomaliza taarifa. La kwanza: je, nimehesabu watu au vitu? La pili: je, walioachwa nje ya mpango huu wanajua kwamba wameachwa, na kwa nini? La tatu: je, nikiisoma taarifa hii mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji inachokitaja, nitaweza kuwatazama watu usoni?

Kada wa tawi naye asimwachie mtaalamu kazi hii peke yake. Adai mikutano ya kila miezi mitatu ifanyike, iitwe saa ambazo wanawake wanaweza kuhudhuria, na mapato na matumizi yasomwe kwa lugha inayoeleweka. Anayeelewa hesabu ana deni kwa asiyeielewa. Deni hilo hulipwa kwa kueleza, na kwa kusikiliza pale mzee wa kitongoji cha pembeni anaposimama na kusema: "Hapo mwanangu umekosea, kile kisima kilikauka mwaka juzi."