Kwa nini njia ya umeme ardhini ipimwe vyuoni

Alfajiri ya Aprili 12, 2015, hitilafu ya umeme ilizusha mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi, wakiwa bado na majonzi ya shambulio la Garissa lililoua watu 148 siku kumi kabla, walidhani wamevamiwa. Baadhi walijirusha madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa.

Mkasa huo ulidhihirisha kuwa mitambo ya umeme ya chuo si suala la mafundi pekee. Sehemu yake muhimu, ambayo haionekani, ni njia ya kuupeleka umeme ardhini.

Chini ya miguu

Chini ya kituo cha kupozea umeme hufukiwa wavu wa nyaya za shaba, ulioungwa na vyuma virefu vilivyopigiliwa ardhini. Transfoma na uzio wa chuma hufungwa kwenye wavu huo. Hitilafu ikitokea, umeme hukimbilia ardhini, na vifaa vya kinga huukata.

Lakini udongo nao huukinza umeme. Ampea 1,000 zikikutana na ukinzani wa ohm 5, wavu mzima hupanda hadi volti 5,000. Ukinzani ukiwa ohm 1, hupanda hadi volti 1,000. Anayegusa uzio, au anayetembea karibu nao, huweza kupitiwa na sehemu ya nguvu hiyo. Ndiyo maana kokoto hutandazwa kituoni, zipunguze umeme unaopita kwenye nyayo.

Upimaji

Fundi hupigilia vyuma viwili vya majaribio katika mstari mmoja. Cha mbali hupitisha umeme. Cha pili, kwa kawaida kwenye asilimia 62 ya umbali huo, hupima volti. Mabomba na nyaya zilizofukiwa kampasini huweza kupotosha kipimo, hivyo uwanja mpana huhitajika. Kila kiungo nacho hukaguliwa, kwani shaba huchakaa, na pengine huibwa.

Majira nayo yana uzito. Afrika Mashariki, kiangazi hukausha udongo na kuongeza ukinzani. Huko Flemingdon Park, mtaa wa wahamiaji wengi mjini Toronto, Canada, kikwazo ni baridi: ardhi huweza kuganda kwa zaidi ya mita moja, na udongo ulioganda hupitisha umeme kwa shida. Jiji hilo lilionja hatari ya umeme uliopotea njia mwanzoni mwa 2009, pale shirika la Toronto Hydro lilipotangaza hali ya dharura baada ya mbwa kuuawa na umeme uliovuja barabarani.

Kwa hiyo kipimo cha wakati wa masika Nairobi, au cha Julai Toronto, huonyesha hali njema kuliko itakayokuwapo siku ya hatari. Wakuu wa vyuo hawana budi kuuliza si tu ukinzani ni kiasi gani, bali pia ulipimwa lini na katika majira gani.