Namba 220 chini ya boneti

Ukifungua boneti ya mbele ya Porsche 911 hukuti injini. Injini iko nyuma kabisa, imepita hata magurudumu ya nyuma. Mbele kuna buti la kutosha mabegi mawili, na upande wa ndani wa kifuniko chake pamebandikwa stika ya karatasi isiyozidi kiganja. Ina namba ya chasisi, namba ya rangi, kisha safu ya namba za tarakimu tatutatu: 342, 425, 454, 475. Stika kama hiyo hubandikwa pia ndani ya kitabu cha sevisi. Wanunuzi wengi huirudisha boneti bila kuitazama, wakaenda kupiga picha rimu. Mimi naamini hapo kwenye stika ndipo gari linapoanza kununuliwa.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Tanga aliyekaa Uingereza miaka mingi, aliniomba nimsindikize kutafuta 911 iliyotumika. Alishajua kizazi anachokitaka: kile kinachoitwa 997, kilichoanza kuuzwa 2004, na hasa magari yaliyotoka baada ya marekebisho ya 2008. Sababu yake ilikuwa nzuri. Injini za kawaida za kabla ya hapo zina shafti ya kati ambayo beringi yake ikivunjika huweza kuua injini nzima. Injini mpya iliundwa bila shafti hiyo. Kikubwa kilikuwa kimeamuliwa. Vikorombwezo, alisema, tutaviona hukohuko.

Hapo ndipo tulipotofautiana. Gari kama hili likiwa jipya halichukuliwi lilivyo dukani. Mnunuzi huketi na orodha ndefu akachagua moja moja: breki gani, viti gani, shokapu gani, mpaka rangi ya mikanda ya usalama na ngozi ya kufunika vitundu vya kiyoyozi. Magari mawili yanaweza kutoka kiwandani Zuffenhausen, Stuttgart, yakiwa na injini ileile, na tofauti ya bei kati yao ikatosha kununua gari dogo. Anayenunua miaka 10 au 15 baadaye hana orodha ya kujaza. Anapokea iliyojazwa na mtu asiyemjua, aliyekuwa na haja zake, barabara zake na majirani wake wa kuonyesha. Kwa hiyo kuchagua vikorombwezo vya gari lililotumika ni kumchagua yule mwenye gari wa kwanza.

Gari la kwanza tuliloliona lilikuwa Carrera S ya kijivu, yenye gia za PDK, zile zinazojibadilisha zenyewe. Lilimeta. Lilikuwa na dirisha la paa, spika za Bose, saa ya Sport Chrono katikati ya dashibodi na, kilichomkamata rafiki yangu macho, kalipa za breki za rangi ya njano.

Njano hiyo ina maana yake. Kwa kawaida Carrera S huwa na kalipa nyekundu na diski za chuma. Njano ni alama ya breki ziitwazo PCCB, ambazo diski zake ni za kauri iliyochanganywa na nyuzi za kaboni. Diski hizo zina uzito wa karibu nusu ya za chuma, haziingii kutu, na hustahimili joto la kushangaza mtu akikimbia kwenye uwanja wa mashindano. Lakini pia ni ghali mno. Kubadilisha zote nne kunaweza kugharimu bei ya gari zuri la familia, na fundi asiyezizoea akiteleza na rimu wakati wa kubadilisha tairi anaweza kuumega ukingo wa diski.

Nikamwomba muuzaji afungue boneti. Namba ya PCCB ni 450. Tulisoma safu zote mara mbili. Ilikuwepo 640, ya Sport Chrono. Ilikuwepo 650, ya dirisha la paa. Ilikuwepo 680, ya Bose. 450 haikuwepo. Tukachungulia kati ya mikono ya rimu: diski zilikuwa za chuma, zina kutu kidogo pembeni. Mtu alizipaka kalipa rangi.

Sitaki kumlaumu muuzaji, maana huenda naye alilipata hivyohivyo. Ila rangi ile ilinisikitisha kuliko ambavyo mkwaruzo ungenisikitisha. Breki zilizokuwa chini yake zilikuwa nzuri, zinatosha kwa barabara yoyote ya Uingereza na ya kwetu, na kwa mtu asiyekwenda uwanja wa mashindano mimi ningemshauri achague hizohizo za chuma. Mtu alizionea haya breki zisizo na aibu. Tangu hapo nilianza kujiuliza ni kitu gani kingine kwenye gari lile kilifanywa kwa ajili ya macho ya watu.

Sport Chrono yenyewe, ieleweke, si pambo. Kwa gari la gia za kawaida kazi yake ni ndogo: kitufe cha Sport hufanya pedali ya mafuta iitikie haraka zaidi. Kwa PDK mambo hubadilika. Gari hupata hali ya Sport Plus na utaratibu wa kuondoka kwa kasi, na kwa hesabu za Porsche wenyewe Carrera S hushuka kutoka sekunde 4.5 hadi 4.3 kufikia kilomita 100 kwa saa. Sehemu hizo mbili za kumi za sekunde sikuzitia maanani sana. Nilichokiona kikubwa ni kwamba gia zenyewe hubadilika tabia, zikaacha uvivu wa mjini. Anayetaka PDK, basi atafute yenye Chrono. Na atazame usukani: magari ya mwanzo yalikuja na vitufe vya kusukuma kwa dole gumba ili kupanda gia na kuvuta kwa nyuma ili kushuka, tena pande zote mbili sawa. Vibao vya kawaida, kulia kupanda na kushoto kushuka, vilikuja baadaye, navyo kwa malipo ya ziada. Jambo dogo kulisoma, ila mkono hulihisi kila siku.

Dirisha la paa tuliliacha bila mjadala. Rafiki yangu ni mrefu, na dirisha hilo hula nafasi ya kichwa. Ramani na redio nilimwambia asizihesabu hata senti: zamani ziliuzwa ghali, leo simu yoyote inazishinda.

Tulipokula mchana ndipo aliponifungulia jambo lililobaki moyoni mwake. Akistaafu anarudi Tanga, na gari anakwenda nalo. Inawezekana. Usukani wa Uingereza uko kulia kama wetu, na Tanzania gari kuukuu huingia, mradi mwenyewe akubali ushuru wa ziada wa umri wake. Angekuwa wa Mombasa mlango ungekuwa umefungwa, kwani Kenya haipokei gari lililopita miaka 8.

Neno hilo liligeuza orodha nzima. Viti vya kupasha joto, namba 342, Uingereza ni neema na Tanga ni nyaya zisizo na kazi. Dashibodi iliyofunikwa ngozi yote, ambayo mnunuzi wa Uingereza huilipia kwa furaha, ikianikwa kwenye jua la pwani husinyaa ikaanza kubanduka karibu na kioo cha mbele. Rimu ndizo za kufikiria zaidi. Carrera ya kawaida ilitoka na rimu za inchi 18, Carrera S na za inchi 19, na wenye Carrera wengi walilipia zaidi wapate hizo za 19 kwa sababu zinajaza upinde wa gurudumu vizuri. Kila inchi ya rimu inayoongezwa ni nyama ya tairi inayopunguzwa, na shimo la barabarani halijali gari lilivyopendeza. Hata PASM, mfumo wa shokapu za kielektroniki ambao mimi naupenda sana kwa kuwa mtu hubonyeza kitufe zikalegea au kukaza, huliteremsha gari milimita 10. Milimita 10 si nyingi mpaka ukutane na matuta yetu yaliyojengwa kwa hasira.

Gari la pili lilikuwa Carrera ya buluu iliyoiva, lita 3.6, gia sita za mkono. Halina Bose, halina Chrono wala dirisha la paa. Kalipa zake nyeusi, kama zilivyotoka. Rafiki yangu alilizunguka mara moja akaniambia, "Kaka, hili limepauka kidogo."

Boneti ilipofunguliwa nilisoma 342, 425, 454, 475. Viti vya joto, waipa ya nyuma, kidhibiti mwendo, PASM. Na juu ya hizo zote, 220.

Namba 220 ni difu yenye kufunga. Difu ya kawaida, gurudumu moja likikosa mshiko, nguvu hukimbilia hukohuko zikapotea. Hii hushikanisha magurudumu mawili ya nyuma kiasi, gari likatoka kwenye kona likisukuma sawasawa, na hata dereva akiachia mafuta ghafla mkia hautapatapi. Kwa gari lililobeba injini yake nyuma hiyo ni zawadi, hasa barabara ikiwa na mvua au mchanga. Na haionekani popote. Haina nembo, haina rangi wala kitufe. Kuiongeza baadaye ni kulishusha giaboksi zima na kulipasua. Jirani hawezi kuiona, na mnunuzi wa pili pengine hataijua. Mtu aliyeiwekea alama kwenye orodha, akaacha spika na dirisha, alikuwa anajiandikia yeye mwenyewe na barabara.

Nilimweleza rafiki yangu hivyo, tukiwa tumesimama mvuani. Akakiomba kitabu cha sevisi. Kilikuwa na mihuri bila pengo, na stika ya ndani ililingana na ya boneti namba kwa namba. Akakaa kwenye kiti, akaingiza gia zote sita injini ikiwa imezimwa, taratibu, moja baada ya nyingine. Kisha akawasha waipa ya nyuma na kugeuka kuitazama ikifuta maji kwenye kioo.

"Tanga mvua ya masika inakuja na upepo," alisema. "Hii nitaihitaji."