Mauaji ya Kware: Mbona kukiri kwa mshukiwa hakukumaliza kesi?

Kila tunapogusia mauaji ya Kware hewani, simu ya kwanza huuliza: "Lakini huyo mtu si alikiri? Kesi ya nini tena?" Hebu tulifafanue hilo.

Tarehe 12 Julai 2024 maiti za wanawake zilianza kuopolewa kwenye timbo la zamani lililojaa maji na taka huko Kware, Mukuru kwa Njenga, jijini Nairobi. Zilikuwa zimekatwakatwa na kutiwa maguniani. Kituo cha polisi kiko karibu, kama mita 100 tu. Ndiyo maana IPOA, mamlaka inayochunguza mienendo ya polisi, nayo iliingilia.

Siku tatu baadaye makachero walimkamata mwanamume wa miaka 33 huko Kayole. Mkuu wa DCI, Mohamed Amin, akawaambia wanahabari kwamba amekiri kuua wanawake 42 tangu 2022, wa kwanza akiwa mkewe. Wakili wake akasema aliteswa ili aseme hayo.

Hapo ndipo penye jibu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 25A, inataka mtu akiri mbele ya jaji, hakimu, au polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria ambaye si yeye anayeichunguza kesi hiyo. Tena awepo mtu wa tatu, aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Bila hayo, korti haiyapokei maneno yake. Kinachotangazwa kwa wanahabari ni habari, si ushahidi. Na maiti zilizotolewa majini hazikukaribia 42.

Kwa hiyo ilibidi kila maiti ipate jina. Mwili uliooza hautambuliki kwa sura, na hapo ndipo DNA inapohitajika. Ndugu husuguliwa pamba ndani ya shavu, chembechembe zake zikalinganishwa na za marehemu. Mzazi au mtoto hufaa kuliko binamu. Ndiyo kusema mama aliye kijijini, ambaye binti yake wa Nairobi aliacha kupokea simu, anaweza kuwa na ushahidi ambao makachero hawana. Lakini hawatamjua asipopiga ripoti na kupewa nambari ya OB.

Korti iliwapa polisi siku 30 za kumzuilia mshukiwa wakichunguza. Alfajiri ya 20 Agosti, askari waliopeleka kiamsha kinywa kwenye seli za kituo cha Gigiri walikuta wavu wa waya umekatwa. Alikuwa ametoroka pamoja na raia 12 wa Eritrea. Kaimu Inspekta Jenerali wakati huo, Gilbert Masengeli, alisema walisaidiwa na watu wa ndani, na maafisa waliokuwa zamu wakasimamishwa kazi.

Wengine hutuuliza kama kesi imekufa. La. Nchini Kenya shtaka la mauaji halina muda wa kuisha. Akikamatwa hata baada ya miaka 20, anaweza kufikishwa kortini.