Shehena za Nchi Mbili: Tusihesabu Fedha Peke Yake

Dizeli ambayo hutumiwa na magari ya doria huko Chienge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia, aghalabu imetoka mbali. Huteremshwa melini Dar es Salaam, husukumwa katika bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, ndipo lori huielekeza kaskazini. Hivyo basi, kulinganisha shehena ziingiazo Zambia na ziingiazo Tanzania si kazi ya wachumi pekee. Doria isiyo na mafuta hailindi mpaka.

Wengi hulinganisha kwa jumla ya fedha, na hapo ndipo hesabu inapopotoka. Kati ya mwaka 1973 na 1974 bei ya mafuta ghafi ilipanda karibu mara nne. Nchi zote mbili zikalipa zaidi, bila ya pipa hata moja kuongezeka ghalani. Kipimo cha haki ni tani, lita na magunia, au thamani iliyokadiriwa kwa bei za mwaka mmoja.

Zambia ilipojitawala mwaka 1964, ikiwa na watu wasiofikia milioni 4, migodi yake ya shaba ilihitaji mitambo, makaa na mafuta kwa wingi. Kwa kila kichwa, iliagiza bidhaa kuliko Tanzania, taifa la wakulima zaidi ya milioni 10. Bei ya shaba ilipoanguka mwaka 1975, uwezo huo ukaporomoka. Tanzania iliangushwa na mengine: ukame wa 1973 na 1974 ulioilazimu kununua nafaka nje, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mafuta yaliyopanda bei tena wakati huo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni na vipuri viliadimika kote kuwili.

Askari atauliza pia juu ya njia, na ana haki. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta, hata ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zikabeba mapipa angani. Ndipo likaja bomba mwaka 1968, na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Tangu hapo umezuka mtego mwingine: shehena ya Zambia ipitayo bandari ya Dar es Salaam imo katika takwimu za bandari, lakini si bidhaa iliyoagizwa na Tanzania. Msomaji mzembe huihesabu mara mbili.

Huko Chienge upo mtego wa kinyume chake, na kwa maoni yangu ndio mkubwa zaidi. Mbolea iliyoagizwa kutoka ng'ambo huandikwa kuwa imeingia Zambia. Mahindi iliyoyastawisha husagwa, na unga huvuka kwa mitumbwi na baiskeli hadi upande wa Pweto, nchini Kongo. Afisa wa takwimu mjini haoni gunia hilo. Polisi wa zamu ndiye alionaye, na daftari lake lenye idadi na uzito lina thamani kuliko makadirio mengi. Zambia imewahi kuzuia mahindi yasitoke zaidi ya mara moja. Unga haukuacha kuvuka. Uliacha kuandikwa.